Ncoolo ya Mzungu wa Majani

Juzi nilikuwa dukani Makutano, pale Meru mjini, nimeshika pakiti ya thabai zilizokaushwa na kusagwa, nikacheka peke yangu mpaka kijana wa duka akaniuliza kama kuna kitu kinanisumbua. Thabai, jamani. Lile jani la kuwasha linaloota nyuma ya choo, ambalo wavulana walitufukuza nalo njiani tukitoka shule, sasa limetiwa kwenye karatasi ya kung'aa yenye picha ya mama anayetabasamu. Kijana akanieleza kwamba linaongeza damu na kwamba wazungu wanalipenda sana. Nikamwambia hilo nalijua tangu utotoni, na kwamba habari hiyo iliwahi kunikosesha raha kuliko ugonjwa wowote niliowahi kuugua. Hakunielewa, wala sikumlaumu. Nilinunua pakiti moja nikaenda nayo nyumbani, na jioni hiyo yote mawazo yangu yakawa kwa babu na nyanya, juu ya Kangeta.

Ninyi mliolelewa na nyanya zenu mnajua jinsi ilivyokuwa. Wazazi wangu walikuwa Embu mjini, baba akiwa karani na mama akihudumu katika duka la mtu, na chumba chao kimoja kilijaa pale ndugu yangu alipozaliwa. Nikapelekwa kwa babu, ambako milima ya Nyambene inaanza kupanda na kila boma lina miraa yake, mingine mizee ya magome yaliyokunjamana, iliyopandwa na watu ambao hata babu hakuwahi kuwaona. Lakini aliyenilea hasa ni dada mdogo wa baba, shangazi Kagwiria, niliyemwita Tata. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenifundisha kusoma kabla ya kuanza shule, na kitanda chake kilikuwa kitanda changu. Alikuwa hajaolewa, na amefika umri ambao wanawake wa kanisani walimsalimia kwa sauti ya kumhurumia, naye aliwajibu kwa sauti ya kuwahurumia wao. Mimi nilidhani hiyo ndiyo salamu ya watu wazima.

Kisha akaja Mzungu wa Majani. Jina lake lilikuwa Benwa, au kitu kinachokaribiana na hicho, na alikuwa Mfaransa aliyefundisha sayansi katika shule ya sekondari ya harambee ng'ambo ya bonde. Alitembea ameinama. Mwanzoni watu walidhani amedondosha kitu, na akina mama wawili watatu wakainama naye kumsaidia kutafuta, mpaka ikajulikana kwamba hajapoteza chochote, anaangalia tu majani. Alikuwa na kitabu kikubwa cha jalada la kijani kilichokuwa cha nyanya yake, chenye harufu ya nguo zilizokaa sandukuni. Kilikuwa kitabu cha mimea ya porini ya sehemu moja ya Ufaransa yenye milima, inayoitwa Auvergne. Kila mmea ulichorwa, na chini ya mchoro yakaelezwa mambo ambayo watu wa huko walifanya nao tangu zamani: huu ulitia sufu rangi, huu ulitundikwa mlangoni mwa zizi, huu uliliwa. Benwa alitaka kujua ni mimea ipi ya Nyambene iliyo na ndugu zake huko kwao, na sisi tunaitumiaje.

Alihitaji mtu wa kumtajia majina na kumwombea ruhusa mashambani mwa watu, na Tata akawa mtu huyo, jioni baada ya masomo. Babu alikubali kwa sharti moja, kwamba mimi niwepo. Basi tulitembea watatu, yeye akiinama, Tata akitaja, mimi nikila matunda yote yaliyotajwa kuwa hayaui. Niliwapenda wote wawili kwa jioni hizo. Mzungu alipoona mmea anaoufahamu alikaa chini papo hapo, hata kwenye matope, akafungua kitabu magotini na kutuonyesha. Siku alipokuta thabai kando ya mfereji alifurahi kama mtu aliyekutana na binamu yake stendi. Akajifanya ameshika kijiko, akanywa supu ya hewani, akafumba macho kwa utamu.

"Wanaila?" nikamuuliza Tata.

"Inapikwa kwao, ndiyo."

Kuanzia hapo nilikuwa nauliza kila ukurasa kama hicho nacho kinaliwa, na Tata, akisoma kwa shida yale aliyotafsiriwa, alikuwa akinijibu. Kangaga, lile jani la kando ya mto ambalo ncha yake hujikunja, mizizi yake ilisagwa ikawa mkate. Mbegu fulani za mti mkubwa, zenye kofia, ambazo hata nguruwe hupewa, nazo zilisagwa. Mzizi mmoja mchungu ulichemshwa. Magome pia, magome ya miti, yalichanganywa na unga. Sikuuliza haya yalikuwa lini. Mtoto haulizi lini, anauliza tu nini. Nilimtazama Benwa, mrefu na mwembamba, mifupa ya mikono imetokeza, na nikaona kwamba mambo yanalingana.

Jumamosi moja mchana nilikuwa uani na nyanya tukipepeta maharagwe. Niliona wanawake wamesimama barabarani, mmoja ameweka mzigo chini, wote wakitazama upande wa Kangeta. Halafu nikamwona Benwa akipanda kilima. Siku hiyo hakuinama. Alivaa koti, jasho likimtiririka, na mbele ya kifua chake, kwa mikono miwili, amebeba kitu kilichovikwa jani bichi la mgomba na kufungwa kwa ukambaa.

Nyanya aliacha kupepeta. Ungo ukabaki hewani.

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze. Miraa ya kuuza hufungwa kwa vitita vya kawaida, na mtu anaweza kumpa yeyote wakatafuna wakiongea. Lakini kuna kitita kingine, ncoolo. Matawi yake huchaguliwa kutoka kwenye miti mizee, hupangwa kwa urefu, hufungwa kwa namna yake na kuvikwa jani la mgomba, na hakibebwi ovyo. Anayekipeleka kwenye boma lenye msichana anaposa. Baba wa msichana akikipokea, amesikia ombi. Akikifungua na kukitafuna, amejibu, na msichana ameshatolewa. Hata mimi, niliyekuwa bado nang'oka meno, nilijua hilo kwa kuona tu. Wanawake wa barabarani walijua pia, na kabla mzungu hajafika langoni mmoja wao alikuwa ameshuka bondeni kupeleka habari.

Babu alikuwa kwenye kiti chake nje ya nyumba, miwani puani, Biblia mapajani. Alikuwa mzee wa kanisa, na kanisani hawakuipenda sana miraa, lakini ncoolo ilikuwa jambo jingine. Alifunga Biblia na kuvua miwani. Benwa akainama kwa adabu na kunyoosha kitita kwa mikono miwili.

"Mzee, nimekuletea hii," akasema kwa Kiswahili chake cha darasani. "Ni kwa heshima yako."

Babu hakukipokea mara moja. "Wewe mwenyewe umeleta?"

"Mimi mwenyewe. Nimetoka nayo Kangeta kwa miguu."

"Na watu yako wako wapi?"

"Watu wangu? Wako nyumbani, Ufaransa. Mama yangu na ndugu zangu."

"Wanajua unakuja hapa?"

"Ndiyo, mzee. Nimewaandikia habari zenu nyingi. Nimewaeleza kuhusu Kagwiria pia, jinsi anavyonisaidia."

Babu alifikiri. Nilikuwa nimejibanza kwenye nguzo ya ghala na niliuona uso wake vizuri. Hakuwa mtu wa kuchukia wageni, wala si mtu wa kuwaparamia. Alikuwa mtu wa utaratibu. Kitu kimeletwa kwa njia yake, basi kitajibiwa kwa njia yake. Akakipokea kitita, akakiweka juu ya meza ndogo bila kukifungua, akamwambia Benwa arudi kesho baada ya kanisa, kwa sababu jambo kama hili halijibiwi na mtu mmoja. Benwa akashukuru sana. Alidhani amealikwa chai. Akateremka kilima akipiga mluzi, na nilipomsikia nikajua furaha hiyo ni ya mtu aliyepata mke.

Tata alikuwa mtoni akifua. Aliporudi na beseni kichwani, nyanya alimwonyesha meza kwa kidevu tu. Tata akatua beseni. Akaangalia lile jani la mgomba kwa muda mrefu kidogo.

"Huyu hajui alichofanya," akasema.

"Na kama anajua?" nyanya akamuuliza.

Tata alianza kuanika nguo, na shati la babu akalianika mara mbili, akalitoa na kulirudisha palepale. Nyanya akamwambia polepole kwamba njia nzima imemwona yule kijana akipanda, kwamba ncoolo ikirudishwa bila neno itakuwa hadithi ya soko lote, na kwamba miraa haingoji. Ilikatwa asubuhi hiyo. Kesho jioni itakuwa imenyauka, na ncoolo iliyonyauka mezani nayo ni jibu, tena jibu baya la dharau. Lazima babu aseme ndiyo au hapana kesho.

Basi nikajua kwamba nina mpaka kesho. Kitabu cha Benwa kilikuwa ndani, kwa sababu alikuwa amemwachia Tata anakili majina. Nikakitoa nikakaa nacho karibu na moto wakati nyanya akipika, nikakipitia ukurasa kwa ukurasa. Nilikuwa natafuta mahindi. Nilijua umbo la mmea wa mahindi, ningeutambua hata kwenye kitabu cha Kifaransa. Sikuupata. Nikatafuta maharagwe, viazi, ndizi, mihogo, viazi vikuu. Hakuna hata kimoja. Kitabu kizima, kinene vile, cha nchi ya watu wazima wenye magari, hakikuwa na chakula hata kimoja ndani yake, ila thabai na mizizi na mbegu za nguruwe. Haikunijia akilini kwamba kitabu cha mimea ya porini hakiandiki habari za shamba. Niliona nimegundua siri ya nchi ile: kumbe ndiyo sababu walikuja kwetu.

Nilimwonyesha nyanya. Nyanya hakujua kusoma, lakini alizitazama picha kwa makini, akaigusa thabai kwa ncha ya kidole kana kwamba ingemwasha.

"Hii wanakula?"

"Wanakunywa supu yake. Na magome wanatia kwa unga."

"Magome," nyanya akasema, na akaendelea kuchochea moto. Nilitegemea aseme zaidi. Githeri ya jioni hiyo, mahindi na maharagwe, ilikuwa tamu mno, na kila nilipotafuna punje nilimwangalia Tata na kuona huruma kwamba hataionja tena. Baada ya chakula nilifanya jambo nililoliona la busara sana. Nilichukua konzi ya mahindi ya mbegu kutoka kwenye kibuyu cha nyanya na kuyatia kwenye mfuko wa sweta ya Tata, ile ya kanisani, ili akifika huko awe na cha kupanda. Sikutaka aende. Lakini kama ataenda, asife njaa.

Kanisani siku iliyofuata sikusikia neno la mahubiri. Niliomba kwa maneno yangu mwenyewe, na ombi lenyewe lilikuwa fupi: miraa inyauke haraka kabla hatujafika nyumbani. Haikunyauka. Jani la mgomba ni jani la ajabu, na nyanya alikuwa amelinyunyizia maji.

Tulikuta Benwa ameshafika, amekaa kwenye benchi na koti lake. Kaka yake babu naye alikuja kwa fimbo, mguu wake mbaya ukimchelewesha, akakaa upande wa pili. Ncoolo ilikuwa katikati yao mezani. Nyanya alisimama mlangoni pa jikoni, mikono imekunjwa kifuani. Chai ilimiminwa, na Benwa akaisifu. Kisha babu akasafisha koo na kumwita Tata atoke ndani.

Tata akatoka, amevaa ile sweta. Alisimama mbele ya baba yake kama tulivyosimama sisi mbele ya mwalimu mkuu, lakini macho yake hayakuwa chini.

"Kagwiria," babu akasema kwa Kimeru, "umeona hii. Imeletwa mchana, kila mtu akiona, na aliyeileta hakutuma mtu. Mimi sina neno baya juu yake. Ni mtu wa mbali, lakini ni mtu wa heshima. Sasa nakuuliza mbele ya kaka yangu. Niile, au nisiile?"

Kuku walikuwa wakiparua karibu na benchi na hakuna aliyewafukuza. Tata aliingiza mkono kwenye mfuko wa sweta, nadhani ni kwa kukosa mahali pa kuuweka, kisha uso wake ukabadilika. Akautoa. Alikuwa ameshika mahindi. Akayatazama kiganjani, halafu akageuka akanitafuta mimi kwa macho, na mimi nikashindwa kujizuia.

"Huko hakuna mahindi," nikasema. Nilikuwa nalia tayari. "Babu, usiile. Huko wanakula thabai. Wanakula mizizi na chakula cha nguruwe, na magome. Nimeangalia kitabu chote."

Kaka yake babu akageuza kichwa polepole kumwangalia mgeni, kuanzia viatu mpaka nywele. Babu naye akamgeukia, akabadili lugha.

"Hii mtoto inasema kwenu nyinyi nakula magome ya miti. Ni kweli?"

Wengine wangechukizwa. Benwa aling'aa uso. Nadhani tangu afike kwetu hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali juu ya kitabu chake. Akaomba kiletwe, nikakileta huku nikifuta kamasi, akakifungua juu ya magoti na kuwaeleza wazee. Alisema hizo ni habari za zamani, za miaka ya njaa na ya vita, wakati mazao yalipooza mashambani au yalipochukuliwa na askari. Nyanya ya nyanya yake alioka mkate wa magome. Nyanya yake mwenyewe, mwenye kitabu, alichuma thabai akiwa msichana kwa sababu hapakuwa na kitu kingine, na hata alipozeeka na kuwa na chakula tele aliendelea kuipika mara moja kila mwaka, ili wajukuu waonje. "Sasa tuna mkate," akaniambia mimi, akiinama. "Tuna mahindi pia. Kitabu hiki ni cha vitu ambavyo hakuna aliyevipanda."

Kaka yake babu akatikisa kichwa. Akasema kwamba yeye pia, akiwa mdogo, aliwahi kula mizizi iliyochemshwa mara nyingi ili uchungu utoke, na kwamba mama yake alipika ngozi ya kitandani. Akauliza kama huko nako walipika ngozi. Benwa akasema hajui, atauliza. Wakaanza kuongea kama watu waliosoma shule moja. Mimi nilisimama pale nimeduwaa. Ile hofu ya njaa ilikuwa imeniondoka yote kwa mara moja, na badala yake nikaona kwamba nimeharibu, maana sasa hapakuwa na sababu tena ya Tata kutokwenda.

"Ncoolo haijajibiwa," babu akasema kwa Kimeru.

Hapo Benwa akaonekana kushtuka kidogo. Aliangalia kitita, akaangalia nyuso zetu, akamuuliza Tata kwa Kiingereza kuna nini. Tata akamjibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, maneno machache tu. Sijapata kumwona mtu akibadilika rangi namna ile. Shingo yake ikaanza, kisha masikio, mpaka kwenye nywele. Akaweka kitabu benchini na kusimama.

"Mzee," akasema, "sikujua. Pale sokoni niliomba miraa ya heshima, ya kumpelekea mzee wa boma. Muuzaji akaniuliza mzee gani, nikasema baba yake mwalimu Kagwiria. Akanifungia hii. Nilitaka kushukuru tu. Naomba msamaha. Si dharau."

Kaka yake babu alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani yake. Babu hakucheka. Alimwashiria Benwa akae.

"Hujakosa," akasema. "Ulileta kitu mzuri, na mkono mbili. Lakini mimi nimeuliza mtoto yangu, na mtu akiulizwa anajibu." Akamgeukia Tata. "Sema wewe."

Nawaambia, wenzangu, Tata angeweza kusema jambo limekwisha, mtu mwenyewe ameshakana. Hakusema hivyo. Aliangalia ncoolo, akamwangalia Benwa, na Benwa, nampa heshima yake, hakugeuza uso. Nilikuwa nimeshika nguzo ya ghala mpaka kucha zinauma.

"Baba, usiile," Tata akasema.

Babu akaitikia kwa kichwa. Akalifungua jani la mgomba, akafungua ukambaa, akayamwaga matawi yote mezani na kuyavuruga kwa kiganja mpaka mafupi na marefu yakachanganyika. Halafu akachukua konzi moja akampa kaka yake, nyingine akampa Benwa, ya tatu akajiwekea mwenyewe. "Sasa ni miraa tu," akasema. "Tafuna, mgeni." Benwa akatafuna huku bado amekuwa mwekundu, akatema jani asilopaswa kutema, na kaka yake babu akaanza kumfundisha.

Mimi nilikimbilia jikoni. Miguu ilikuwa myepesi, nilihisi naweza kuruka ua wa ng'ombe. Tata alikuwa ameingia kabla yangu, amekaa kwenye kigoda akiyahesabu yale mahindi kwenye kibuyu, moja moja, kana kwamba yalikuwa ya kuhesabiwa. Nikamrukia mgongoni.

"Kwa hivyo huendi?"

"Siendi."

"Kwa sababu ya thabai?"

Alicheka mpaka akanishika nisianguke. "Thabai ningekula," akasema. "Hata magome ningekula, kama ningempenda vile. Lakini simpendi vile. Napenda tu kutembea naye na kutaja majina." Akafikiri kidogo. "Na kesho jioni tutatembea, kama ataweza kuniangalia usoni."

Nilifurahi mpaka nikaona njaa. Nyanya alikuwa ameketi chini karibu na jiko, miguu ameinyoosha mbele, akijifuta uso na shuka lake. Alishusha pumzi ndefu, halafu nyingine. Nikaenda kumkalia mapajani, kwa sababu nilijua tunashangilia kitu kimoja.

"Nyanya, Tata haendi."

"Nimesikia," akasema. "Hata angeenda ningeshukuru."

Sikuelewa. Nikamwambia nilidhani naye aliogopa, nilimwona pale mlangoni. Nyanya akautazama mlango wa jikoni, kule nje ambako sauti ya babu ilisikika ikimwelekeza mgeni namna ya kumenya tawi.

"Niliogopa ataila bila kumuuliza," akasema. "Yangu ililiwa nikiwa mtoni. Nilirudi na kibuyu cha maji mgongoni, nikakuta wamemaliza."